Wimbo Ulioniomba

Mwanangu Mishi,

Salamu utazipata kwa mdomo kesho asubuhi, na dua utaombewa na baba yako kabla hujapanda basi, maana dua zake ni ndefu na za uhakika kuliko zangu. Kwa hivyo barua hii inaanzia katikati, pale tulipoachia siku ile ulipoweka sahani chini ukaniuliza, "Mama, wanipa au hunipi?" nami nikainuka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sasa ni baada ya alasiri. Umekwenda Tiwi kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hawatakuachia mpaka wakulishe mara mbili, kwa hivyo nina nafasi. Naandika kwa sababu sisi wawili tukizungumza hatufiki mwisho. Ulimi wangu umeurithi, na mimi mwenyewe bado ninao. Kwenye karatasi angalau nitaachiwa nimalize ninalotaka kusema.

Sitakuandikia habari za kula na kulala, wala za watu wa kuogopwa huko Dar es Salaam. Umekulia katika nyumba ambayo wapiga ngoma walikuwa wakilala sebuleni, na tangu una meno ya utoto ulikuwa ukijua nani wa kupewa chai na nani wa kuonyeshwa njia. Nitakuandikia habari za kazi. Jibu lako liko mwisho kabisa, kwa hivyo usirukeruke. Nakujua, wewe barua unaisoma kuanzia chini.

Kwamba nilianza kuimba harusini nyuma ya bibi yako, ambaye umechukua jina lake na kiburi chake, hiyo umeisikia mpaka umeichoka. Ambayo hujaisikia sana ni ya hoteli, kwa kuwa mwenyewe siipendi. Nilipata kazi Diani, kwenye hoteli moja ya ufuoni, nikiimba na wenzangu watatu tukipita meza kwa meza wageni wakila. Nilikuwa msichana, na nilikuwa nikipenda mno sauti ya mwanamke mmoja, mwimbaji wa Mombasa, ambaye sitamtaja, mwenyewe ameshatangulia lakini watoto wake wapo. Alikuwa akiimba kwa pua. Nyimbo zake zote zilipitia puani kwanza ndipo zikatoka, na watu wakazimia kwa raha. Nilizicheza kanda zake mchana kutwa mpaka utepe ukakonda. Nilijifunza anapovuta pumzi, anapokohoa kidogo kabla ya ubeti, kila kitu. Nikawa naimba kwa pua kuliko yeye.

Wageni walipiga makofi. Wageni wale hata ukiwaimbia bei ya nazi watapiga makofi, wako likizo. Lakini mimi nilijiona nimefika. Basi siku moja jioni, kwenye karamu ya watu wa Mombasa waliokuja kula hotelini, akaja yeye mwenyewe. Nikamwona ameketi na mashoga zake, na badala ya kuona haya nikafurahi, nikaimba wimbo wake mbele yake kwa pua yote niliyojaliwa. Nilipomaliza akaniita kwa kidole. Nikaenda nikainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi pua yangu imeziba tangu utotoni," akaniambia, tena kwa upole. "Yako imezibwa na nini?"

Mashoga zake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikwenda nikakaa jikoni na wapishi, na usiku ule sikuimba tena. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wasema watu, na mimi nilikuwa nimeazima mpaka maradhi. Ilinichukua muda mrefu kuijua sauti yangu ni ipi, kwa sababu nilikuwa nimeifukia mwenyewe. Nilipoipata sikuipenda. Ilikuwa nzito na ilikuwa na mikwaruzo, sauti ya mtu anayeita watoto waje kula. Nikasema basi, ndiyo hii, nitaitumia hivyo hivyo.

Wimbo wenyewe unaouomba ulikuja baada ya hapo, nilipokuwa nimeshaolewa. Watu wengi wameisimulia asili yake na wote wameongopa. Mmoja aliwahi kusema redioni kwamba nilimwandikia mwanamume aliyenitoroka. Baba yako alikuwa anakunywa chai, nusura apaliwe.

Baba yako wakati ule alikuwa dereva wa lori la mifugo. Alikuwa akitoa mbuzi na ng'ombe mnadani Kinango akiwapeleka Mombasa, na kurudi kwake kulitegemea mbuzi, barabara na askari wa njiani. Na funguo, wewe mwenyewe wajua, hakuna ufunguo uliowahi kuzeekea mfukoni mwake. Kwa hivyo nilikuwa sifungi mlango. Lakini pia siuachi wazi, mimi si mwendawazimu. Nilikuwa naushindika. Nausukuma mpaka ukae, komeo silitii, mwenye nyumba akija anausukuma kwa kiganja anaingia. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwoga, alikuwa akiniuliza kila jioni kupitia ua, "Umefunga lakini?" Nami namjibu, "Nimeushindika." Siku moja nikalijibu neno lile, na kabla sijafika ndani likawa limeshapata mahadhi yake. Nikasimama pale pale mlangoni nikaendelea nalo:

*Nimeushindika, bwana, nimeushindika,*
*komeo sikulitia, usije ukahangaika.*

Ndiyo asili yake, mwanangu. Hakuna aliyetoroka. Kuna mume mpotezaji funguo na mke anayetaka kulala.

Ila kulikuwa na tatizo. Neno lile lina silabi sita, na mahadhi yaliyonijia yalikuwa na nafasi tano. Ukiliimba lote, wimbo unajikwaa. Kwa hivyo siku ya kurekodi Mombasa, ile *u* ya katikati niliimeza. Mjomba wako Sudi alikuwa kwenye kinanda, akaacha kupiga.

"Kombo, ile *u* imekwenda wapi?"

"Imo ndani. Anayeitaka ataisikia."

"Mimi niko karibu yako hivi na sikuisikia."

"Wewe piga kinanda, Sudi."

Akapiga. Na wimbo ukatoka, na Mungu akaupa miguu. Ulitoka Mombasa ukaenda bara ambako mimi nilikuwa sijawahi kufika, na huko mtangazaji mmoja akauingiza hewani kwa sauti ya huzuni: sikilizeni, wasikilizaji, wimbo wa mama wa pwani aliyekubali yaishe. Nimeshindika! Watu wa bara hawashindiki milango, wanafunga kwa kufuli. Neno hawalijui. Wakasikia la kushindwa, na nchi nzima ikaanza kuniimba kama mwanamke aliyekunja jamvi lake. Nikawa maarufu kwa kushindwa, mimi, binti wa Mishi, ambaye hata kwenye bao sikubali.

Nilikasirika kwa miaka. Sifanyi mzaha, nilikasirika kwa miaka mingi. Kila nilipoalikwa nilikuwa nasimama jukwaani nawaeleza watu habari ya milango kabla sijaimba, kama mwalimu wa darasa la pili. Watu wamevaa, wametoka makwao waje kucheza, mimi nawafundisha maana ya komeo. Walikuwa wakiinuka taratibu kwenda kununua soda. Hatimaye nikasema nitaurekodi upya, nikaitia ile *u*, nikayanyoosha mahadhi ili ipate mahali pa kukaa. Sudi akanikanya, sikumsikia. Ukatoka wimbo sahihi kabisa, wa kuwekwa kwenye kitabu cha sarufi, na hakuna aliyeutaka. Hata baba yako hakuutaka.

Aliyenitoa kwenye hasira ile ni mwanamke mmoja wa Ukunda aitwaye Njeri, aliyekuwa akifua mashuka kwenye hoteli. Alinijia baada ya onyesho moja nikiwa nimeshamaliza mhadhara wangu, akasimama mbele yangu hajui aanze vipi. Halafu akaanza.

"Mama, hiyo wimbo yako mimi niliiskia nikiwa kwetu, nikipika. Nilikuwa nimekaa na bwana ananipiga, na kila mtu akiniuliza nasema niko sawa. Niko sawa, niko sawa. Sasa nikaskia wewe kwa redio, mama mzima, unasema umeshindika na huoni aibu. Nikasema, aki hata mimi nimeshindika. Nikazima jiko. Nikabeba watoto nikakuja huku."

Nikamwambia nimefurahi, lakini. Nilisema *lakini*, Mishi, Mungu anisamehe. Nilikuwa tayari kumweleza habari ya mlango. Akanikatiza.

"Leo nimeskia ukisema ni mlango. Sasa hiyo siku yangu niipeleke wapi?"

Nilimshika mkono tukakaa pale nyuma ya jukwaa, yeye mikono yake imechubuka kwa sabuni, na nikaona jinsi nilivyokuwa nikipita nchi hii nikiwanyang'anya watu kitu nilichowapa mwenyewe. Kwani nani aliyeimeza ile *u*? Mimi. Kosa ni langu, na kosa lile lilikuwa limemtoa mtu nyumbani kwa mume anayempiga, jambo ambalo usahihi wangu haujawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Tangu hapo sijaeleza tena. Wa Msambweni wakisikia mlango, sawa. Wa Nakuru wakisikia kushindwa, sawa pia. Mimi naimba silabi tano na kushuka jukwaani.

Haya, nimechelewa kwenye hilo kwa sababu nalipenda. Sasa nije kwenye sauti, kwa kuwa hili linakuhusu wewe zaidi.

Sauti inashuka. Hakuna aliyeniambia. Walinieleza habari za nguo na za waandaaji wasio waaminifu, lakini hakuna mwanamke mkubwa hata mmoja aliyenikalisha akaniambia, Mwanakombo, sauti inashuka, na wewe utakuwa wa mwisho kujua. Ule ubeti wa tatu, pale panapopanda, nilikuwa napafikia kama mtu anayechuma limau kwenye mti mfupi. Na niliendelea kupafikia, mwaka baada ya mwaka, nikajisifu. Nikiwasikia waimbaji wa rika langu wanakwama nilikuwa nawacheka, tena kwa sauti.

Kumbe ni Sudi. Kinanda chake kina kitufe cha kuteremsha wimbo mzima hatua moja. Kila alipoona shingo yangu inakaza mishipa, alikuwa akikibonyeza kidogo, haniambii. Baada ya mwaka au miwili, tena kidogo. Mimi naimba wimbo wangu uleule, najiona ni yuleyule, na huku chini sakafu inateremshwa kwa adabu. Niliyagundua haya siku moja kanda ya zamani ilipopigwa kwenye gari na Sudi akaizima haraka mno. Nikaiwasha. Nikaisikiliza, nikamtazama, naye akatazama nje.

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika. Nikamwambia amenifanya mtoto. Nikamfukuza, na nilikuwa na harusi Kinango wiki ileile, nikaenda na kijana mwingine wa kinanda, nikamwagiza apige pale pale palipokuwa tangu mwanzo. Ilikuwa kiangazi kikali, maji ya harusi yalikuwa yameletwa kwa punda na wanawake walikuwa wakiyagawa kwa vikombe vidogo, nami kwa ubishi sikunywa hata kidogo. Nilipanda jukwaani koo kavu na kichwa moto. Ubeti wa kwanza nikaenda. Wa pili nikaenda. Kwenye wa tatu nikapanda, na pale juu hapakuwa na kitu. Si kwamba nilikosea. Sauti haikutoka kabisa, nilibaki nimeachama mbele ya bibi harusi na ukoo wake.

Unajua nini kilitokea? Wanawake wa Kinango wakaudaka. Hawakunihurumia, hawakunitazama hata, waliudaka tu pale ulipoanguka wakauimba wote, wengine wana watoto mgongoni, wakaupeleka mpaka juu na kunirudishia kwenye kiitikio. Walidhani nimewaachia makusudi. Mzee mmoja aliniambia baadaye kwamba ule mtindo mpya ni mzuri sana. Nikamwambia ahsante.

Siku ya pili nilikwenda kwa Sudi na nazi mbili na sukari, nikakaa kwenye kizingiti chake kama mdaiwa. Akatoka, akaniangalia, akaniambia, "Mimi sikukuangusha, Kombo. Nilikuteremsha." Nikalia, na si kwa ajili ya sauti. Nililia kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akinisikiliza vizuri hivyo kwa miaka yote hiyo na mimi nilikuwa sijamsikiliza hata siku moja. Tafuta mtu wa namna hiyo huko uendako, mwanangu. Hatakuwa mwenye sauti kubwa chumbani. Ukimpata, usimfukuze siku utakapoujua ukweli.

Kuanzia hapo ubeti wa tatu nawaachia wanawake. Naelekeza kipaza sauti kwao, nainua mkono, na watu wote husema ndio urembo wa Bi Kombo. Na sasa ni urembo kweli, kwa sababu naufanya kwa kupenda.

Hapo ndipo nilipokuwa, nimetulia na umri wangu, siku uliyoimba jikoni.

Nilikuwa natoka uani na sufuria. Ulikuwa unakaanga samaki, mgongo kwangu, na binamu yako amekutegeshea simu anakurekodi, nami sikuiona. Ukaanza ubeti wa tatu. Ukaupandisha pale pale, mahali pa zamani, palipokuwa pangu, bila kukaza shingo, huku unageuza samaki. Nikasimama na sufuria yangu. Nilipaswa kufurahi, nami nimejitazama sana moyoni kama nilifurahi. Sikufurahi. Nilikuonea wivu, Mishi. Nimeandika neno hilo na sitalifuta. Nilikuonea wivu wewe mtoto wangu niliyekuzaa kwa tabu, kwa sababu ulikipita kile kitu kwa urahisi kana kwamba ni kizingiti cha chumba chako. Furaha ilikuja kesho yake, ilikuja kubwa na bado ninayo. Lakini wa kwanza kufika alikuwa wivu, na nataka uujue kwa sababu siku moja utakuja kuonewa na watu wengine ambao hawatakuambia.

Hayo mengine unayajua. Kipande kile cha simu kikasambaa, kikafika Dar, na Fadhili wa studio akapiga simu. Kijana ana adabu, shikamoo yake ilikuwa kamili. Akasema wangependa kukurekodi, na wangeanza na wimbo wangu, wazee wanaujua na vijana watauona mpya. Akasema inahitajika ruhusa yangu tu. Nikamwambia nitafikiri. Wewe ukaniuliza siku ileile, nikaenda kuanua nguo.

Baba yako anasema nikupe. Kila usiku anasema. "Mpe mtoto. Kwani utazikwa nao?" Namjibu inshallah.

Sasa jibu. Jibu ni hapana.

Keti kwanza. Najua umesimama.

Nina sababu moja nzuri na mbili zangu mwenyewe, na nitakupa zote kwa sababu ukizijua utanikasirikia kwa haki. Ile nzuri ni kwamba ukiingia kwa wimbo wangu, utakuwa mtoto wa Bi Kombo mpaka unazeeka. Watakupenda, wallahi watakupenda, na kila utakapoimba lako watakungoja umalize ili uimbe langu. Nimeona watoto wa watu wakifa njaa kwenye nyimbo za wazazi wao huku wamevaa dhahabu. Na wewe unalo lako. Usinitazame hivyo. Ule unaouimba ukipiga pasi, ambao huna kiitikio chake bado, ambao unaunyamazisha nikiingia. Huu wangu hukuwahi kuunyamazisha mbele yangu, unaupiga kelele nyumba nzima. Wimbo unaouficha mbele ya mtu mwenye masikio kama mimi ndio wa kuchukuliwa safarini.

Sababu zangu ni hizi. Ya kwanza umeshaisoma, nimeiandika juu na sufuria mkononi, na haijaisha yote. Ya pili ni kwamba mimi bado nautumia. Watu wananizungumzia siku hizi kama mtu anayegawa vyombo vyake kabla ya kuhama. Mimi sihami. Jumamosi nina harusi Msambweni, na wiki nyingine Lungalunga, na Sudi ameshaanza kulalamika juu ya usafiri. Nina sauti nzito na mikwaruzo na ubeti mmoja ninaowaachia wenzangu, na nikiwa na hivyo vyote bado nikisimama ukumbini watoto wanaamka. Sijachoka, Mishi. Nikichoka nitakuambia, lakini usiningojee.

Na kuna jambo la mwisho ambalo nimelifanya bila kukuuliza. Asubuhi ulipokuwa unaoga nilimpigia Fadhili simu nikamwambia. Halafu akasema, "Mama, bila ule wimbo sijui kama wakubwa zangu watamsikiliza."

"Basi wasinisikilize mimi," nikamwambia. "Wamsikilize yeye."

"Aje tu, mama. Lakini ahadi sina. Nisije nikakudanganya."

Nikamshukuru kwa kutonidanganya. Kisha nilikaa kitandani na simu mkononi, na niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Huenda nimekuharibia. Huenda wakakusikiliza nusu saa wakakuambia ahsante, ukarudi, na ukawa hunisemeshi mpaka mmoja wetu afe. Nimelipima hilo. Nimelipima kutoka kila upande na bado sikurudisha simu kubadilisha neno, kwa sababu nimekusikia ukipiga pasi na nina masikio. Hayo masikio ndiyo kitu pekee changu ambacho hakijashuka.

Kwa hivyo kesho unaondoka hapa huna wimbo wangu, huna ahadi ya mtu, na mama yako ndiye aliyekufanyia hivyo. Waweza pia kubaki. Chumba chako ni chako na hakuna atakayekucheka, nami nitakuwa wa kwanza kumziba mdomo atakayejaribu. Lakini sidhani utabaki. Nimekuzaa, na huyo bibi yako uliyepewa jina lake alipokatazwa na mjomba wake kuimba kwenye harusi moja, aliimba barabarani mbele ya nyumba ya huyo mjomba.

Najua utakapofika mstari huu utakuwa umewaka. Vizuri. Baba yako atakuambia unisamehe kabla hujapanda basi, kwa sababu yeye anapenda mambo yaishe. Mwitikie kwa adabu, halafu usinisamehe. Bado mapema. Ipandishe hasira hiyo kwenye basi, ivushe mpakani, usiimalizie kwenye simu na mashoga zako njiani ukafika Dar mtupu. Fika nayo nzima. Wakikuweka mbele ya kipaza sauti wakakuuliza umekuja na nini, anza nayo hiyo.

Mimi mama yako mchoyo, nikupendaye kuliko nyimbo zote isipokuwa mmoja,

Mwanakombo